Namna ya kumpa mtoto mtulivu haki yake darasani: mwongozo kamili kwa walimu wa Bukavu

Kila Septemba walimu hujiahidi kwamba mwaka huu watawajali pia wale wanaotulia. Ikifika Novemba ahadi imeshazama. Wasumbufu watano au sita wamelimeza darasa zima, na wenye adabu wamebaki majina ya kusomwa asubuhi kwenye rejista. Wako waliojaribu kuwasifu, wakawasifu mbele ya wote, na mtoto akaanza kuitwa "shushu wa mwalimu" njia nzima ya kurudi Kadutu. Wako waliowapa kazi ya kuandika majina ya wanaoongea, kisha wakashangaa mzazi alipokuja kulalamika kuwa mwanawe anaviziwa na wenzake baada ya masomo.

Nia ilikuwepo kwa wote hao. Walichokosa ni mpangilio. Darasani mwenye kelele hujipangia zamu yake mwenyewe, mara kumi kwa somo moja akitaka. Mtulivu hawezi, hivyo zamu yake lazima ipangwe na mwalimu, kwa maandishi, siku moja kabla.

Hatua zilizo hapa chini ni za darasa la msingi lenye watoto 50, 60 au zaidi, kama yalivyo mengi mjini kwetu tangu elimu ya msingi katika shule za serikali hapa Kongo ilipofanywa ya bure mwaka 2019. Anayefundisha la saba na la nane anaweza kuzifuata pia. Pale wakubwa wanapohitaji njia nyingine, nimetaja.

## Andaa hivi kwanza

- Nakala ya orodha ya majina, kwenye karatasi ya miraba iliyotoka katika daftari la hesabu.
- Daftari dogo linaloingia mfukoni.
- Biki mbili, ya bluu na nyekundu.
- Punje tano za mahindi au maharage. Kazi yake utaiona katika hatua ya 4.
- Kopo tupu na vipande vya kartoni, kila kipande na jina la mtoto mmoja.
- Karatasi nyeupe zilizokatwa mara nne, kwa ujumbe wa nyumbani.
- Ruhusa ya direkta kwa mambo mawili: kubadilisha watoto mahali pa kukaa, na kuwaandikia wazazi.

Peremende na zawadi hazimo. Kama ulishazinunua, kula mwenyewe. Sababu iko katika hatua ya 5.

## Hatua ya 1: Hesabu jicho lako linakwenda kwa nani

Chagua somo moja kwa siku, tuseme hesabu ya asubuhi, kwa siku tatu mfululizo. Orodha iwe mezani. Kila unapomwita mtoto kwa jina, kumjibu, kuinama kwenye daftari lake au kumkemea, weka alama kando ya jina lake. Bluu ni ya kazi au jambo jema. Nyekundu ni ya kukemea.

Kwa nini uandike wakati unawajua watoto wako? Kwa sababu kumbukumbu ya mwalimu aliyechoka hujaa sura za waliomchosha. Piga hesabu ndogo: watoto 60, somo la nusu saa. Hata kama usingezungumza na darasa zima hata mara moja, fungu la kila mtoto ni sekunde 30. Dakika tatu za kubishana na mmoja kuhusu biki iliyopotea zimekula mafungu ya watoto sita, na hao sita hawatakuja kukudai.

Tahadhari. Siku hizo tatu usijirekebishe. Fundisha kama kawaida yako, la sivyo utapima mwalimu mwingine. Wala usimpe shefu wa darasa kazi ya kuweka alama, maana kufikia rekreasio (mapumziko) shule nzima itajua nani ana nyekundu ngapi. Ikiwa huwezi kufundisha na kuandika kwa pamoja, subiri watoto wanaponakili ubaoni, kisha weka alama za dakika zilizopita.

Utajua umefanikiwa ukiwa na karatasi yenye aibu kidogo: nyekundu zimerundikana kwenye majina machache, na kuna majina ambayo kwa siku tatu hayana hata alama moja. Yazungushie duara. Kazi yote inayofuata inaanzia kwenye maduara hayo.

## Hatua ya 2: Chambua waliokaa kimya

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Mwalimu akishapata majina huwachukua wote kuwa "watoto wazuri" na kuanza kuwasifu. Lakini kutulia kuna sababu nyingi, na nyingine hazihitaji sifa hata kidogo.

Wako wanaotulia kwa sababu wamelelewa hivyo na wanafuata somo. Wako wanaotulia kwa sababu walipotea tangu kutoa kwa kukopa, na wamegundua kuwa mtoto asiyesumbua haulizwi. Wako wenye njaa. Wako walioamka alfajiri kuteka maji na kupanda mlima na bidoni kabla ya kuja shuleni, na saa nne wanasinzia macho yakiwa wazi. Yuko asiyesikia vizuri. Yuko asiyeona ubao. Na yuko aliyebadilika ghafla: muhula uliopita alikuwa akicheka, sasa anaruka mtu akifunga mlango kwa nguvu. Katika mji wetu huyo wa mwisho si wa kudharauliwa.

Namna ya kuwatenganisha:

Pitia madaftari ya wenye maduara, matano kila jioni. Usitazame mwandiko. Tazama kazi ambazo hakunakili ubaoni, zile alizofanya peke yake. Daftari safi lenye majibu yaliyonakiliwa tu ni dalili ya mtoto aliyepotea.

Halafu mpe kila mmoja swali moja la pembeni, kwa sauti ya chini, wengine wakiandika. Usiulize "umeelewa?" Atakujibu "ndiyo mwalimu", kwa kuwa adabu aliyofunzwa nyumbani inamkataza kumwambia mkubwa "hapana". Mwambie: "Nionyeshe ulivyoanza hii." Mkono wake utasema kweli.

Asiyeona ubao utamgundua kwa mstari mmoja. Andika maneno matatu yasiyokuwa kitabuni kwa maandishi ya kawaida, umwombe ayasome akiwa palepale anapoketi. Anayekunja macho, au anayesubiri jirani anong'one, umsogeze mbele siku hiyohiyo. Asiyesikia, muite kwa jina ukiwa nyuma yake, kwa sauti ya mazungumzo, darasa likiwa limetulia. Rudia siku nyingine kabla ya kumwita mzazi.

Tahadhari. Mtoto aliyebadilika ghafla usimhoji mbele ya wenzake, wala usimlazimishe kusimulia. Kaa naye mahali mnapoonekana na watu ila hamsikiki, mwambie umeona hana raha na kwamba unapatikana. Akikuambia jambo zito, hasa la kuumizwa, usimwahidi siri. Mpeleke kwa mtu wa shule mnayemwamini, na kwa wahudumu wa afya kama ni jambo la mwili.

Utajua umefanikiwa ukiweza kuandika kando ya kila duara neno moja: *anafuata*, *amepotea*, *haoni*, *hasikii*, *mgonjwa*, *ana shida*. Mwenye *amepotea* anahitaji kufundishwa upya kabla ya kitu kingine chochote. Ukimsifu kwa utulivu wake unamlipa ili aendelee kujificha.

## Hatua ya 3: Acha kuwatumia

Kabla ya kuwaongezea kitu, waondolee mizigo. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo shule zetu zinapowaumiza watoto wenye adabu zaidi, tena kwa nia njema.

Mtoto aliyewekwa katikati ya wasumbufu. Dawati la watu watatu: mtundu kushoto, mtundu kulia, binti mtulivu katikati ili "awatulize". Hawatulizi. Anachomolewa biki, anasukumwa kiwiko, daftari lake linanakiliwa kabla hajamaliza. Ukitaka kuwatenganisha wawili, watenganishe kwa mahali: mmoja mbele karibu na meza yako, mwingine ubavuni karibu na mlango ambako unapita mara nyingi. Kazi ya kulinda utaratibu ni yako. Hakuna mtoto wa miaka tisa aliyeajiriwa kwa hilo.

Orodha ya wanaoongea. Mwalimu anaitwa ofisini, anamwachia mtulivu chaki: "Andika majina ubaoni." Akiandika kweli, atalipia njiani. Akiogopa, ataandika wanyonge na kuwaacha wenye nguvu, nawe utaadhibu wasio na kosa. Badala yake acha kazi ubaoni yenye mwisho unaoonekana, kwa mfano mazoezi manne ambayo utayakusanya mara tu utakaporudi. Mwombe pia mwalimu wa darasa la jirani aachie mlango wake wazi. Orodha ifutwe kabisa.

Kazi za mikono. Anayefagia, anayefuta ubao, anayetumwa kununua chaki, anayebeba madaftari hadi ofisini: mara nyingi ni yuleyule, kwa sababu anaaminika. Huenda anafurahia mara ya kwanza na ya pili. Ila kila anapotumwa anakosa somo, na wenzake wanajifunza kuwa utiifu huleta kazi zaidi. Zamu za usafi zifuate herufi za majina, wasumbufu wakiwemo. Zaidi wao, ukiniuliza mimi, kwa kuwa wana nguvu za kutumia.

Adhabu ya wote. Darasa zima linapiga magoti, darasa zima linakosa rekreasio, kwa sababu wanne walipiga mluzi. Mtoto aliyekuwa akiandika anajifunza siku hiyo kwamba kuandika na kupiga mluzi vina malipo sawa. Kama humjui mkosaji, ni afadhali usiadhibu kabisa leo, na kesho usimame mahali ambapo utamwona.

"Mwoneni mwenzenu!" Sentensi hii inapendwa sana, na inaharibu sana. Unadhani unamsifu mmoja, kumbe watoto 59 wamesikia wamekemewa, na chanzo cha kukemewa kwao wamekiona kimekaa dawati la tatu. Ndugu wakilinganishwa nyumbani huchukiana, sembuse watoto wasio wa mama mmoja.

Tahadhari. Usitangaze mabadiliko haya kwa hotuba. Hamisha madawati Jumatatu asubuhi kama sehemu ya kupanga darasa, uhamishe na wengine kadhaa ili isionekane nani ameokolewa.

Utajua umefanikiwa mtulivu akianza kuonekana kidogo: anaongea na jirani mpya, anacheka, hata mara moja anachelewa kumaliza. Usiogope. Hiyo ni dalili kwamba zamani alikuwa amejikaza, na sasa amepata nafuu.

## Hatua ya 4: Watano kwa siku

Sasa mpangilio wenyewe. Kila jioni, ukiandaa masomo ya kesho, andika majina matano kwenye daftari la mfukoni. Anza na wenye maduara, halafu endelea na orodha nzima. Darasa la 60 linamalizika kwa siku 12, yaani wiki mbili kwa shule inayosoma Jumatatu hadi Jumamosi. Kisha unaanza tena.

Kwa kila mmoja wa hao watano, kesho yake, fanya mambo matatu:

1. Msalimie kwa jina anapoingia. Jina lake, si "wewe mdogo wa fulani". Anayefundisha watoto 70 anajua kuwa hili si dogo.
2. Simama kwenye dawati lake dakika moja wakati wa zoezi, ukisoma anachoandika. Sema neno moja kuhusu kazi hiyo.
3. Mpe nafasi moja ya kusikika: swali, kusoma mstari, au kueleza alivyopata jibu. Mwenye aibu nyingi na aeleze wewe ukiwa dawatini kwake, siku za kwanza.

Na zile punje? Zitie mfuko wa kushoto asubuhi. Ukimaliza na mtoto mmoja, hamisha punje moja kwenda mfuko wa kulia. Ukisikia kengele ya kwenda nyumbani na kushoto bado kuna punje mbili, wako watoto wawili uliowasahau, nao wanaanza orodha ya kesho. Mfuko haubembelezeki kama kumbukumbu.

Mvua ni rafiki yako hapa. Nyote mnajua mvua ya Bukavu ikipiga mabati: hata ukipaza sauti, dawati la pili halikusikii. Walimu wengi husimama mlangoni wakisubiri ikatike. Wewe andika zoezi ubaoni na upite katikati ya madawati. Kwa robo saa hiyo hakuna msumbufu anayeweza kushindana nawe kwa kelele, na hakuna anayesikia unachomwambia mtoto sikioni. Unaweza kuwamaliza watano wote kabla mifereji haijanyamaza.

Tahadhari. Usiwaambie watoto kuwa kuna orodha ya watano. Wakijua, watano wa leo watajiona wametegwa na wengine watakuwa na wivu. Na usimtoe msumbufu kwenye mzunguko. Naye ni mmoja wa 60, zamu yake ikifika apate dakika yake kama mwenzake, tena siku ambayo hajakosea ndiyo nzuri.

Utajua umefanikiwa mzunguko wa kwanza ukiisha na huna jina ulilohitaji kulitafuta sura.

## Hatua ya 5: Sema neno linaloshika

"Vizuri." "Bravo." "Mtoto mwema." Maneno haya yamesemwa mno hadi yameisha ladha. Mtoto hajui amefanya nini, hivyo hawezi kulirudia.

Sifa inayoshika ina sehemu mbili: ulichokiona, na kilicholeta. Linganisha:

*Hafifu:* "Wewe una akili sana."
*Imara:* "Nimeona umerudia kutoa hii mara mbili ukapata kosa mwenyewe. Ndiyo maana jibu limekaa sawa."

*Hafifu:* "Asante kwa kutulia."
*Imara:* "Jirani yako alikuwa anakuvuta, ukaendelea kusoma. Umemaliza ukurasa mzima."

Kusifu akili kuna hatari yake. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck, huko Marekani, walichapisha majaribio waliyowafanyia watoto wa darasa la tano. Waliosifiwa kwa akili yao, walipokutana na maswali magumu wakashindwa, walikata tamaa upesi kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Mtoto mtulivu yumo hatarini zaidi, maana mara nyingi tayari anaogopa kukosea mbele yako.

Kuhusu zawadi, jaribio jingine la Marekani, la mwaka 1973, lilihusu watoto wadogo waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti kwa kuchora walichora kwa hiari kidogo kuliko wenzao, siku ambazo cheti hakikuwepo. Ndiyo sababu peremende zako nimekushauri uzile. Mtoto anayesoma kwa kupenda akianza kulipwa, siku malipo yakikatika anaweza kuacha hata kusoma. Na kwa mshahara wa mwalimu wa Kongo, malipo yatakatika.

Sauti iwe ya chini, umbali wa dawati moja. Kwa watoto wa la kwanza na la pili unaweza kusema wazi zaidi, wao bado wanafurahia kusifiwa mbele ya watu. Kwa la saba na la nane usijaribu. Mwandikie sentensi hiyo kwenye daftari, chini ya kazi, kwa lugha anayoielewa. Kama masomo ni ya Kifaransa na Kifaransa chake bado ni kigumu, andika kwa Kiswahili. Atairudia kuisoma nyumbani.

Utajua umefanikiwa ukiona mtoto akifanya tena kitu kilekile ulichokitaja, bila kukutazama.

## Hatua ya 6: Punguza jukwaa la msumbufu

Muda wa watano utatoka wapi? Utatoka hapa. Si lazima uwe mkali zaidi, ila lazima uwe mfupi zaidi.

Mwaka 1968 watafiti wa Marekani waliwatazama watoto wa darasa la kwanza waliozoea kusimama ovyo. Walimu walipoongeza kusema "kaa chini", watoto walisimama zaidi. Kila "kaa chini" ilikuwa imemletea mtoto kile alichokitaka: uso wa mwalimu. Walimu walipowasifu waliokaa wakifanya kazi, kusimama kulipungua.

Kwa hiyo fanya hivi. Fujo ndogo, kama kunong'ona au kugonga dawati kwa vidole, usiisemee. Endelea kufundisha huku ukimsogelea, simama kando yake, weka kidole kwenye mstari anaopaswa kuwa nao, ondoka. Bila jina, bila hotuba kuhusu baba yake anavyohangaika sokoni kumlipia daftari. Akianza kazi, rudi baada ya dakika mbili umpe neno la hatua ya 5.

Akiendelea, sentensi moja sikioni: "Tutaongea wakati wa rekreasio." Kisha kweli muongee, maana ahadi isiyotimizwa inajulikana darasa zima kufikia Jumatano.

Tahadhari. Kunyamazia fujo kuna mpaka. Kupigana, kutukana, kumnyang'anya mwenzake, kumdhihaki mtoto mlemavu au aliyekimbia vita: simamisha papo hapo. Tena ujue kuwa siku za kwanza msumbufu aliyezoea kujibizana atazidisha, akitafuta jukwaa lake la zamani. Walimu wengi huachia hapo na kusema njia haifai. Vumilia wiki hiyo.

## Hatua ya 7: Uliza kwa namna inayompa mtulivu nafasi

Mikono inayorushwa juu, "Mwalimu! Mwalimu! Mimi!", ni ya walewale. Mambo matatu yanatosha.

Ukiuliza, hesabu kimoyomoyo hadi tatu kabla ya kumtaja yeyote. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyerekodi masomo mengi, aliona kuwa walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde 1 tu. Waliposubiri 3 au zaidi, majibu yalirefuka na watoto waliokuwa kimya walianza kujibu. Kwa mtoto anayefikiri kwa Mashi au Kiswahili na kujibu kwa Kifaransa, sekunde hizo mbili za ziada ndizo za kutafuta neno.

Waandike kwanza, waseme baadaye. "Kila mtu aandike jibu daftarini, asiinue mkono." Mtulivu akishaandika, anasoma, na kusoma ni rahisi kuliko kuropoka.

Tumia kopo la majina. Chomoa kipande, soma jina, rudisha kipande ndani ili aliyekwisha kujibu asijione ameshamaliza. Akishindwa, mruhusu kusema "nitajibu baadaye", na umrudie baadaye kweli.

Utajua umefanikiwa mikono ikianza kuinuka mahali ambapo haikuwahi kuinuka, hasa pale nyuma na kando ya madirisha.

## Hatua ya 8: Habari njema ifike nyumbani

Mzazi wa mtoto mwenye adabu anaweza kumaliza miaka sita ya msingi bila kusikia neno kutoka kwa mwalimu, isipokuwa buletini, ile karatasi ya alama. Na kwenye buletini, ule mstari wa konduiti (mwenendo) hujazwa kwa haraka usiku wa kuamkia kutolewa, TB (très bien, vizuri sana) kwa karibu kila mtu, na haumwambii mzazi chochote.

Wiki moja, watoto watatu. Chukua kipande cha karatasi:

*"Papa na Mama, salamu. Wiki hii mtoto wenu amesoma hadithi nzima mbele ya wenzake bila kusaidiwa. Alijiandaa nyumbani, imeonekana. Nawashukuru kwa kumtia moyo. Mwalimu wake."*

Mistari minne inatosha. Kama mzazi hasomi, mpigie simu au mngoje mlangoni jioni, uongee kwa Kiswahili au Mashi. Sema jambo jema katika sentensi ya kwanza kabisa. Mama akiona namba ya mwalimu moyo unamshuka. Anafikiri mtoto ameanguka, amefukuzwa, au ni pesa.

Na pesa ndiyo tahadhari kubwa hapa: ujumbe huu usiambatane na mchango wowote, hata wa chaki. Ukichanganya mara moja tu, kila sifa itakayofuata itasomwa kama ankara.

Usimtume mtoto mwingine apeleke karatasi. Mwenye kusifiwa aipeleke mwenyewe, ikiwa imekunjwa.

Kama una muda, boresha na konduiti yenyewe. Daftari la mfukoni tayari lina ushahidi wa wiki nyingi, hivyo TB ya huyu na B (bien, vizuri) ya yule zitakuwa na maelezo mzazi akiuliza.

## Hatua ya 9: Pima tena

Mizunguko miwili ikiisha, rudia hatua ya 1 kama ilivyokuwa: somo lilelile, siku tatu, rangi mbili. Weka karatasi mbili sambamba.

Unachotafuta ni maduara kupungua na bluu kutawanyika hadi kando za orodha. Nyekundu zinaweza kubaki nyingi, hilo lisikuvunje moyo mapema. Kama maduara ni yaleyale, kagua daftari la mfukoni: aghalabu mpangilio ulikatika wiki ya interogasio (majaribio) au wakati wa mitihani ya trimesta. Wiki hizo shusha idadi hadi wawili kwa siku badala ya kuacha kabisa.

## Ukikwama

"Mtoto anajificha zaidi tangu nimwangalie." Umekuwa karibu mno, au kwa sauti kubwa mno. Rudi kwenye maandishi daftarini tu kwa mzunguko mzima. Salamu ya mlangoni ibaki.

"Wenzake bado wanamwita shushu." Tazama kama zamu za sifa zinamfikia kila mtu. Jina hilo hufa lenyewe siku watoto wakigundua kwamba dakika ya mwalimu inazunguka. Na wewe mwenyewe usilitumie hata kwa mzaha.

"Nina watoto zaidi ya 90." Gawa darasa kwa mistari ya madawati, kila siku mstari mmoja uwe ndio unaopita kwanza, na uchague watano kutoka humo. Mzunguko utakuwa mrefu, takriban wiki tatu. Wenye *amepotea* na *haoni* wasisubiri mzunguko.

"Tunapokezana darasa, mwenzangu anafundisha mchana." Kama watoto ni walewale, mwachie daftari la mfukoni kwenye droo yenye kufuli. Maneno ya hatua ya 2 yana siri za watoto na hayafai kulala mezani. Mwisho wa mwaka mkabidhi mwalimu wa darasa linalofuata orodha ya waliokuwa *hawaoni* na *hawasikii*, ili mtoto asianze tena Septemba kwenye dawati la nyuma.